Sishiki sura za watu tangu utotoni: ni ugonjwa, na unapimwaje?

Swali

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Moshi, umri wangu miaka 36. Tangu nikiwa mdogo sishiki sura za watu. Darasani nina wanafunzi 64, wote wamenyoa, wote wamevaa sare moja, nawajua kwa madawati yao. Siku ya mtihani wakihamishwa viti sijui nani ni nani. Desemba iliyopita nilipishana na wifi yangu mkubwa stendi ya mabasi, akasimama akisubiri nimsalimie, nikampita. Jioni alipofika nyumbani na kuanza kuongea nilimjua kwa sauti papo hapo, lakini maneno yalikuwa yameshasambaa kwamba naringa. Mume wangu haamini kwamba sikumtambua, anasema mlitazamana uso kwa uso. Nimepima macho mara mbili, naambiwa yako sawa. Mmoja ameniambia ni msongo wa mawazo, mwingine kasema nikaombewe. Na juzi mwanangu wa miaka saba alimshika mkono mama mwingine sokoni, kisa amevaa kitenge kama changu, akaanza kuondoka naye. Je, ni ugonjwa? Uko kwenye ubongo? Unapimwaje?

Jibu

Mwalimu, pole kwa Desemba ile. Kumpita wifi mkubwa bila salamu, tena mwezi ambao ukoo mzima umepanda kutoka Dar kuja kuhesabiana watoto na kuchinja, ni jambo linaloweza kutajwa kwenye vikao vya familia miaka mitano. Nimeisoma barua yako mara mbili. Kwa ulivyoeleza, nina sababu nzuri za kuamini kwamba huringi na kwamba si msongo wa mawazo uliokuletea hali hii. Ila barua haiwezi kuwa kipimo, kwa hiyo nitakueleza ninachokiona, kisha nikueleze kwa kirefu tunavyopima, maana kwenye kupima ndipo watu wengi wanapopotezwa.

Nianze na maneno tunayoyatumia kila siku. Mtu akisema "sura si ngeni ila jina limenitoka", uso umeshafika mahali pake kichwani, kilichokwama ni jina. Hilo humpata kila mtu. Akisema "samahani, nimekufananisha", amekosea mara moja na amejisahihisha. Wewe hukuandika lolote kati ya hayo. Umeandika kwamba sura yenyewe ni ngeni, hata ya mtu uliyekula naye meza moja mwaka jana, na kwamba akifungua mdomo tu kila kitu kinarudi: jina, undugu, mpaka ugomvi wa zamani. Kumbukumbu ya mtu huyo unayo. Uso wake ndio haukufungulii mlango wa kuifikia. Sentensi yako ile ya wifi na sauti yake ina uzito kuliko mambo mengine yote uliyoandika.

Hali hii tunaiita upofu wa nyuso. Jina lake la kidaktari ni prosopagnosia, lililotungwa na daktari Mjerumani Joachim Bodamer mwaka 1947 kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya uso na kutojua. Bodamer alikuwa anaeleza watu walioumia ubongo, na kwa muda mrefu ikadhaniwa kwamba hali hii huletwa na jeraha tu. Ile ya kukua nayo, ambayo mtu hajawahi kuumia kichwa wala hajawahi kushika sura vizuri, iliingia kwenye maandishi ya kitaalamu mwaka 1976. Mwaka 2006 watafiti wa Ujerumani waliwahoji wanafunzi 689, wakakuta 17 wenye dalili zake. Makadirio yanayotumika sana leo ni watu wawili hivi kati ya mia. Ukikaa kwenye harusi yenye wageni mia tatu, huenda uko na wenzako watano ukumbini, nao wanatabasamu kwa kila anayepita wakiomba Mungu aanze kuongea yeye.

Nimkumbuke hapa msomaji mwingine pia, yule aliyekuwa anashika sura vizuri mpaka mwaka jana, akaanguka na bodaboda au akapata kiharusi, na sasa hamtambui hata dada yake. Huyo asisubiri barua ya mtu. Aende hospitali mapema, hasa kama na rangi zimefifia au kuna upande wa mbele yake anaona giza, kwa sababu majeraha yanayoharibu utambuzi wa nyuso mara nyingi hugusa na hivyo. Tunayozungumza mimi na wewe ni jambo jingine.

Umeuliza kama liko kwenye ubongo. Ndiyo. Upande wa chini wa ubongo, kuelekea nyuma, kuna mkunjo unaoitwa fusifomu. Mwaka 1997 Nancy Kanwisher na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba kuna eneo kwenye mkunjo huo, hasa upande wa kulia, linalowaka zaidi mtu anapotazama uso kuliko anapotazama nyumba au kitu kingine. Eneo hilo hufanya kazi pamoja na mengine, na kazi yao ni ya ajabu kidogo: huusoma uso mzima kwa mpigo mmoja, macho na pua na kinywa na nafasi zilizo kati yao. Jaribu hivi. Chukua picha ya pasipoti ya mtu unayemfahamu, uigeuze juu chini. Mume wako akiitazama hivyo atahangaika, kwa sababu uso uliopinduliwa hauingii kwenye ule usomaji wa mpigo mmoja, inabidi ausome kipande kipande. Wengi wenye upofu wa nyuso huishi hivyo siku zote, na picha ikiwa wima. Wanaona jicho, wanaona kovu, wanaona mwanya. Kila kimoja wanakiona vizuri kabisa, ndiyo maana mpima macho wako hakukuta kosa. Mume wako naye hakudanganya aliposema mlitazamana uso kwa uso. Mlitazamana kweli.

Kwa nini umefika miaka 36 bila mtu kugundua? Nadhani Kiswahili chetu kimekuficha. Lugha hii inakuruhusu kuongea na mtu dakika kumi bila kumtaja jina. Mkubwa unampa shikamoo, mwenzako ni dada au jirani, mtoto ni mwanangu, halafu habari za nyumbani, watoto hawajambo, za tangu siku zile. Wakati huo wote unasikiliza sauti, unatazama mwendo, unasubiri atakayepita amwite "Mama Neema" ili upumue. Nimewahi kukaa na mama mmoja aliyeishi hivyo hadi uzeeni, na watoto wake walijua tu kwamba mama ni mtu wa salamu ndefu.

Ila shule imekuvua hizo ngao zote. Fikiria shule zetu zinavyomfanya mtoto: nywele zimenyolewa, wavulana kwa wasichana, shati jeupe, sweta ya rangi moja, umri mmoja, urefu unakaribiana. Kila kitu ambacho mtu kama wewe hukitumia badala ya uso kimeondolewa kwa kanuni za shule. Kinachobaki ni uso, na dawati. Siku ya mtihani dawati nalo linaondoka. Mwalimu, sijui mahali pagumu zaidi ya hapo kwa mtu mwenye hali hii hapa nchini, na wewe umefundisha hapo miaka yote hiyo.

Sasa kipimo. Hakuna kipimo cha damu, na kwa hali ya kukua nayo, picha ya ubongo ya MRI kwa kawaida hutoka safi. Usiuze ng'ombe kwa ajili ya MRI. Tunaiomba pale tu historia inapoonyesha ajali, kifafa, kiharusi, kupoteza fahamu, au homa ya uti wa mgongo au malaria kali iliyopanda kichwani utotoni. Hayo nitakuuliza mimi, na nitamuuliza mama yako mzazi, kwa sababu ya utotoni yeye anayajua kuliko wewe.

Kazi kubwa ya mpimaji ni kutenganisha. Malalamiko ya "sitambui watu" yanaweza kutoka sehemu nne au tano tofauti, na kila moja ina njia yake. Macho kwanza. Umepimwa kusoma herufi ukutani, vizuri, lakini omba wakupime pia uwezo wa kutofautisha mwanga na kivuli na upana wa eneo unaloona. KCMC hapo hapo Moshi kuna idara ya macho inayoweza kufanya hivyo. Waulize wazazi kama ulizaliwa na mtoto wa jicho hata kama uliondolewa mapema, maana watoto waliokosa kuona vizuri miezi ya mwanzo ya maisha huweza kubaki na udhaifu kwenye nyuso hata baada ya macho kutengenezwa. Kisha kumbukumbu kwa ujumla: je, unasahau pia njia, miadi, ulichosoma jana? Kisha usonji, ambao baadhi ya wenye nao wana shida ya nyuso pia. Kisha woga wa watu.

Kwenye hilo la woga niliwahi kukosea, na sijasahau. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu Arusha aliletwa kwangu kijana mhudumu wa hoteli aliyekuwa anawakwepa wageni. Kwa miezi mitatu nilimtibu woga. Asubuhi moja ya Julai, baridi kali, nimevaa kofia ya sufu na koti, nikamkuta dukani nikamwambia "mambo". Akajibu kwa adabu kama anamjibu mtu asiyemjua, akaendelea kuhesabu chenji yake. Nilipoongeza sentensi ya pili ndipo alipogeuka na kushtuka kwa sauti yangu. Miezi mitatu tumekaa tunatazamana, mita moja na nusu, na uso wangu hakuwa nao. Woga wake ulikuwa wa kweli, ila ulikuwa umetokana na kugombezwa kila siku kwa kuwasahau wageni aliowahudumia asubuhi. Tangu siku hiyo, kila anayeniambia anaogopa watu namuuliza: ukikutana na mimi sokoni, utanijuaje?

Kwa hiyo saa ya kwanza tutaongea tu. Nitakuuliza kama unajiona mwenyewe kwenye picha ya walimu wote iliyopigwa siku ya mahafali. Kama unaweza kufuatilia tamthilia, au unapotea muigizaji anapobadilisha wigi. Kama siku ya sendofu ulishindwa kumjua bibi harusi uliyemjua tangu utotoni kwa sababu ya vipodozi. Kama umewahi kumpita mume wako akitoka kinyozi. Kama unasoma furaha na hasira kwenye nyuso, maana wengi wenye hali hii wanazisoma vizuri, na wanajua huyu ni kijana na yule ni mzee. Lipo pia dodoso lenye maswali 20, lililochapishwa mwaka 2015, ambalo jumla yake huanzia alama 20 hadi 100, na kuanzia 65 kwenda juu huashiria upofu wa nyuso. Ninalitumia, nikilisoma kwa Kiswahili. Silitegemei peke yake, kwa sababu mtu hajawahi kuona kwa macho ya mwenzake. Kuna wanaojiona wabovu sana na wako kawaida, na kuna walio hoi wakidhani kila mtu yuko hivyo.

Kisha tunakaa kwenye kompyuta. Kipimo kinachotumika zaidi duniani kinajulikana kama kipimo cha Cambridge cha kumbukumbu ya nyuso, kilichotengenezwa na Brad Duchaine na Ken Nakayama na kuchapishwa mwaka 2006. Utaonyeshwa uso wa mwanamume, nywele zimekatwa nje ya picha, kwa sekunde tatu akitazama upande mmoja, sekunde tatu mbele, sekunde tatu upande mwingine. Halafu zinakuja nyuso tatu pamoja, uonyeshe ni yupi uliyemwona. Hapo karibu kila mtu anapita, kwa sababu picha ni zile zile. Ukimaliza wanaume sita, unapewa sekunde 20 kuwatazama wote kwa pamoja, kisha wanaletwa kwa picha mpya, mwanga mwingine, wamegeuka kivingine. Hapa ndipo ninapoona mtu anaanza kutafuta: anainama karibu na kioo, anataja nyusi kwa sauti ndogo, anahesabu. Mwishoni picha zinawekewa chenga chenga kama za televisheni isiyoshika stesheni. Jumla ni maswali 72. Anayebahatisha tu hupata kama 24, wastani wa watu wazima wa kawaida kipimo kilipotengenezwa ulikuwa karibu 58, na 42 kushuka chini ndipo tunapoanza kusema kuna udhaifu wa kweli.

Lakini nisikilize vizuri hapa, Mwalimu, maana hili linakuhusu wewe kuliko lilivyowahusu waliotengeneza kipimo. Nyuso zile ni za wazungu. Binadamu hushika vizuri zaidi sura za aina aliyokulia nazo. Waulize vijana wanaopandisha watalii mlimani: wiki yao ya kwanza kazini, wageni kumi na wawili wenye koti na kofia walifanana wote kama mayai, na wale wageni nao walikuwa wanachanganya wapagazi. Hakuna mgonjwa hapo, ni mazoea ya macho. Sasa mtu wa Moshi akipata alama 40 kwenye nyuso za wazungu, mimi sihitimishi chochote. Akipata 60 namwamini, kwa sababu amefaulu kwenye uwanja wa ugenini. Mpimaji akikupa jina la hali yako kwa alama hiyo moja, mwombe kwa heshima aendelee kupima.

Njia ninayoifuata ni kuongeza vipimo vya nyumbani. Nina seti ya picha za watu maarufu wa hapa kwetu: marais wastaafu, wachezaji, wasanii, waigizaji. Nakata nywele, kofia na mitandio, unabaki uso mtupu. Picha ya Baba wa Taifa na ya rais aliyeko madarakani nimezitoa, kwa sababu zimetundikwa kila ofisi na mtu anaitambua picha yenyewe kama anavyoitambua kalenda. Huhitaji kutaja jina. Ukisema "huyu ni yule mshambuliaji aliyekwenda kucheza Uingereza" nakupa alama. Nikimaliza nakutajia majina yote, na yule ambaye hukuwahi kumsikia namfuta kwenye hesabu. Hatua hiyo ikirukwa, tutakuwa tumepima nani anatazama sana televisheni.

Kuna na kipimo kisichogusa kumbukumbu kabisa. Uso mmoja unakaa juu, sita zinakaa chini, na una dakika moja kuzipanga kuanzia unaofanana nao zaidi hadi unaofanana nao kidogo. Baadhi ya zamu nyuso ziko wima, nyingine zimepinduliwa. Hicho kinaniambia kama tatizo linaanzia kwenye kuona uso au kwenye kuutunza. Mwisho, nakupa vitu visivyo nyuso, magari kwa mfano, tuone kama unayatofautisha kama watu wengine. Mwaka 1993 Jane McNeil na Elizabeth Warrington waliandika habari za mtu aliyepoteza nyuso za watu baada ya kiharusi, kisha akanunua kondoo, na akaweza kuwatambua kondoo wake kwa sura zao. Mfugaji yeyote wa Monduli ataelewa uzito wa habari hiyo. Kwa huyo mtu, kilichoharibika kilihusu uso wa binadamu peke yake.

Ukiwa na historia ndefu tangu utotoni, macho mazima, kumbukumbu nzima, na udhaifu unaojirudia kwenye angalau vipimo viwili vya nyuso, nitaandika kwamba una upofu wa nyuso wa kukua nao. Umeuliza kama ni ugonjwa. Mwongozo wa magonjwa ya akili wanaoutumia Wamarekani haujauweka kama ugonjwa unaojitegemea, na mimi nauita hali. Hauli ubongo, hauongezeki kama usahaulifu wa uzeeni. Hakuna dawa. Kuna mazoezi ya kompyuta ambayo baadhi ya watu wamenufaika nayo kidogo, lakini sitakuahidi kwamba yatakurudishia wifi yako stendi. Kuombewa ni haki yako na imani yako, sikuzuii, ila yeyote atakayekuambia kwamba hali hii ni adhabu ya jambo fulani, huyo namkataa.

Hali hii huenda kwenye familia, na uwezo wa kushika sura kwa ujumla hurithiwa sana. Mapacha wa kufanana wanakaribiana kwenye uwezo huo kuliko mapacha wasiofanana. Kwa hiyo tukio la mwanao sokoni nalichukulia kwa uzito, ingawa mtoto yeyote wa miaka saba anaweza kufuata kitenge mara moja. Nataka kujua kama inajirudia. Anafanya nini ukibadilisha msuko? Anawataja wenzake kwa majina au anasema "yule mwenye begi jekundu"? Ukienda kumchukua shuleni akukute umesimama na akina mama wengine, anakuja moja kwa moja au anasubiri umwite? Anacheza na kushirikiana, au anakaa peke yake hata na watoto aliowazoea? Uwezo wa kushika sura huendelea kukua polepole hadi mtu anapovuka miaka thelathini, kwa hiyo mtoto hapimwi kwa kipimo cha mtu mzima; yapo matoleo ya watoto. Leo hii mfundishe jambo moja: hata uwe na uhakika gani, usimshike mkono mtu mpaka akuite kwa jina letu la nyumbani. Chagueni jina ambalo mtu wa nje halijui.

Darasani, usisubiri majibu yangu. Waambie watoto kwamba kila anayenyoosha mkono ataje jina lake kwanza kabla ya kujibu. Watalichukulia kama utaratibu wa darasa. Siku ya mtihani, kadi ya jina juu ya meza. Mwambie mwalimu mkuu ukweli, nami nitakuandikia barua baada ya vipimo ukihitaji. Na kama utawahi kuitwa polisi kumtambua mtu kwenye gwaride la utambulisho, waambie mapema hali yako. Mtu asiye na hatia asifungwe kwa macho yetu.

Kwa wifi, ningependa aambiwe na mume wako, na kabla ya Desemba. Mwonyeshe mume wako picha ile ya pasipoti iliyopinduliwa, ahangaike nayo kidogo. Mwambie pia kwamba Jane Goodall, aliyefika Gombe mwaka 1960 na kuishi na sokwe mtu kwa miaka mingi, alisema hadharani kwamba anapata shida kutambua nyuso za watu. Mmoja wa wale sokwe wa mwanzo alimwita David Greybeard, kwa sababu ya mvi za kidevuni. Kisha mumeo amwombe dada yake jambo dogo tu: akikuona, akuite yeye kwanza. Akishakuita, shikamoo yake ataipata.

Nipo Arusha, safari ya saa mbili hivi kutoka kwako. Tafuta siku za likizo, tenga asubuhi nzima, njoo umelala vizuri. Mlete mtoto, mlete na mama yako kama miguu inaruhusu. Beba karatasi za vipimo vya macho, picha moja ya darasa uliposoma wewe, na picha moja ya ukoo mliyopiga Krismasi, ambayo hujaitazama sana. Ukifika mapokezi usihangaike kunitafuta kwa sura. Kaa, nitakuja kukuita kwa jina.